Injini Mpya, Breki za Nani?

Ndugu msomaji, sidhani kama kuna kitenzi kinachopendwa katika hotuba za nchi yetu kuliko "kuboresha". Tunaboresha mitaala, tunaboresha maslahi, tunaboresha mifumo, na ukifika mwisho wa mwaka wa fedha utasikia tunaboresha hata maboresho yenyewe. Kazi yangu ni kufundisha sera za umma, na kwa muda mrefu nimewauliza wanafunzi wangu swali moja: kinapoondolewa kitu kibovu na kuwekwa kizuri, ni nini kilichokuwa kikiishi kwa kukitegemea kile kibovu? Mwaka huu swali hilo limetoka darasani na kuingia katika familia yangu, kwa njia ya lori.

Lori lenyewe ni Bedford TJ, la aina iliyoanza kutoka viwandani Uingereza mwaka 1958. Lile la pua ndefu ambalo wazee wengi wanaosoma ukurasa huu walilipanda wakiwa juu ya magunia. Marehemu baba alilinunua likiwa limekwishatumika, akabebea mahindi na mbao katika vilima vya Kilolo, mkoani Iringa, hadi liliposimama chini ya mparachichi likabaki hapo miaka zaidi ya 20. Sisi watoto wake watatu tumechanga fedha kulifufua. Chasi imesafishwa na kupakwa rangi, kabini imenyooshwa, bodi ya mbao imejengwa upya. Likabaki suala la injini na giaboksi, na hapo undugu ukaanza kupimwa.

Niseme mapema kwamba lori hili halifufuliwi ili liwe pambo la harusi. Tumekubaliana na chama cha ushirika cha msingi cha kijijini kwetu kwamba litabeba mahindi ya wanachama kwenda Iringa mjini, na msimu ukifika litateremka Kitonga kufuata vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Dereva atakuwa mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 26. Aliyewahi kupita Kitonga anajua kwamba barabara ile haina huruma na gari lisilojua kujizuia. Kwa hiyo tulipokuwa tukibishana juu ya vyuma, tulikuwa tukibishana juu ya uhai wa kijana wetu na wa wale watakaokutana naye kwenye kona.

Kaka yetu mkubwa alitaka injini ileile ya baba ifunguliwe na kutengenezwa. Ni injini ya petroli yenye silinda 6 na ujazo wa inchi 300, yaani takriban lita 4.9. Hoja yake ilikuwa ya heshima: lori la baba lenye moyo wa mtu mwingine si lori la baba. Nilimsikiliza kwa moyo wote, lakini dunia ambayo injini ile ilitengenezewa haipo tena. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi hiyo, pamoja na madhara yake makubwa kwa afya za watoto, ilikuwa ikizilinda pia sehemu ambazo valvu hukalia. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 iliondolewa. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Ila injini ya zamani ikirudishwa kazini leo bila kuwekewa vikalio vigumu vya valvu, italiwa kidogo kidogo na mafuta yaleyale tunayoyasifu kwa usafi. Vipuri vyake navyo ni vya kutafuta kwa dua. Chama cha ushirika hakiwezi kusubiri ringi za pistoni zisafiri kutoka Ulaya huku mahindi yakinyeshewa.

Mtoto wa kaka alitaka kinyume chake. "Baba mdogo," aliniambia, "dunia imekwenda mbele. Tuweke injini ya Fuso, 6D16 yenye tabo, na giaboksi ya gia sita. Kitonga tutaipanda tukiimba." Injini anayoisema ina ujazo wa lita 7.5, nayo hupatikana kwa wauzaji wa injini za mtumba jijini Dar es Salaam. Simlaumu. Kijana aliyekulia nyuma ya malori yanayotambaa mlimani lazima aote nguvu. Lakini angalia, ndugu msomaji, jinsi ndoto yake ilivyojengwa: yote ilikuwa juu ya kupanda. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kuteremka.

Aliyeturudisha chini alikuwa fundi, mzee aliyeanza ufundi enzi za Bedford. Hakuanza kwa kutaja injini yoyote. Alichora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na nyingine kwenye propela shafti, akainua ekseli kwa jeki, akawaambia vijana wawili wazungushe matairi yote mawili pamoja huku sisi tukihesabu. Shafti ilizunguka takriban mara 6 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kisha akapima mzingo wa tairi: karibu mita 3. "Haya, Mwalimu," akasema, "wewe ndiye msomi. Piga hesabu."

Hesabu ni hii, na yeyote anaweza kuirudia. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika katika gia ya juu isiyobadili chochote, yaani mzunguko mmoja unaoingia ndio mmoja unaotoka, tairi litazunguka mara 333. Zidisha kwa mita 3, utapata mita 1,000 kwa dakika, sawa na kilomita 60 kwa saa. Ukiweka giaboksi yenye gia ya sita ya mbio, ambayo injini ikizunguka robo tatu shafti huwa imekamilisha mzunguko mzima, injini ileile kwa mizunguko ileile italikimbiza lori kilomita 80 kwa saa. Karatasi itakusifu kwa kuokoa mafuta. Lakini breki zitakazolisimamisha ni za ngoma, zilizobuniwa kwa ajili ya barabara na mwendo wa enzi nyingine.

Geuza sasa hesabu uende upande wa mteremko. Katika gia ya pili inayopunguza mizunguko mara 4, mizunguko ileile 2,000 inatoa kilomita 15 tu kwa saa. Huo ndio mwendo ambao injini yenyewe inaweza kulishikilia lori lenye mzigo bila dereva kukanyaga breki mpaka zikaungua. Thamani ya giaboksi kwa lori la Kitonga imo katika gia za chini: zimepangwa vipi, zinapishana kwa kiasi gani, na zinaunganaje na difu iliyopo. Gia ya sita tungeitumia mara chache. Ya pili na ya tatu tutazihitaji kila safari.

Kisha mzee akatuonyesha jambo ambalo limenifanya niandike makala haya. Breki za Bedford yetu husukumwa na mafuta ya breki, na mguu wa dereva husaidiwa na busta inayofanya kazi kwa ombwe. Ombwe hilo linatoka wapi? Katika injini ya petroli linatoka kwenye njia ya hewa ya injini yenyewe: kabureta inapofungwa na pistoni zikaendelea kuvuta, mvutano huo hupatikana bure, na ni mkubwa hasa dereva anapoachia mafuta ili ateremke. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kizuizi hicho cha hewa. Hupumua wazi. Ukitoa ya petroli ukaweka ya dizeli, hata iwe na nguvu maradufu, busta inabaki kopo tupu. Pedali ipo, bomba zipo, taa ya nyuma inawaka, na lori litafaulu kila mtihani wa kupandisha mlima. Siku ya kuteremka ndipo dereva atagundua kwamba breki zake zilikuwa zikipumua kwa mapafu ya injini iliyouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Niruhusu hapa niondoke gereji kwa muda mfupi, maana historia yetu imewahi kufanya ubadilishaji wa namna hii. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi za kununua na kuuza mazao zikapelekwa kwenye mamlaka za mazao na kwenye vijiji. Miaka minne kabla, mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilikuwa zimeondolewa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Wanaotetea hatua hizo wana hoja. Vyama vile vilikuwa na ubadhirifu. Kamati maalumu ya Rais ilikwishavichunguza mwaka 1966 na kuyaona maradhi yake. Halmashauri nyingi zilikuwa dhaifu. Injini zile zilikuwa zikitoa moshi, na hakuna haja ya kuzitakasa kwa sababu tu zimekufa.

Lakini ndani ya chama kile kichovu mlikuwa na mkutano mkuu wa wanachama, ambapo mkulima aliweza kusimama na kumuuliza katibu bei ya kilo imekwenda wapi. Ndani ya halmashauri ile dhaifu alikuwamo diwani aliyejua kwamba atarudi kuomba kura. Hizo zilikuwa breki, nazo zilivuta pumzi kutoka katika injini ileile iliyolaaniwa. Ilipong'olewa, hakuna aliyetangaza kwamba breki nazo zinaondoka. Vyombo vipya vilikuwa na fedha, magari na mamlaka zaidi. Kilichokosekana ni mahali pa kumwuliza mwenye usukani swali akalazimika kujibu. Sheria za mwaka 1982 zikaja kuvirudisha vyama vya ushirika na serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Miaka zaidi ya kumi ni mteremko mrefu kwa gari lisilo na busta.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaweza kuliona jambo hilohilo kwa udogo wake mezani kwao. Daftari la bohari lilikuwa kero: lilichelewesha kazi, lilichanika, lilidai saini mbili. Mfumo wa kompyuta ukaja, ukaondoa foleni. Je, saini ya pili ilihamia katika mfumo, au ilikufa pamoja na karatasi? Ucheleweshaji ulikuwa ubovu. Saini ya pili ilikuwa breki. Anayebadili mfumo ana wajibu wa kuvitofautisha viwili hivyo kabla hajaleta spana.

Basi tuliamuaje? Tumechagua injini ya Isuzu 6BD1 ya dizeli, silinda 6, lita 5.8, bila tabo. Haiko mbali na kile ambacho Bedford wenyewe waliyawekea malori yao ya enzi hizo, maana walikuwa na dizeli ya inchi za ujazo 330, sawa na lita 5.4. Hata undugu upo kwa namna fulani: General Motors, waliokuwa wamiliki wa Bedford, walinunua hisa katika Isuzu mwaka 1971, na kampuni yao ya Nairobi ndiyo iliyogeuka Isuzu East Africa mwaka 2017. Kaka alipoelezwa hivyo alicheka, akasema angalau moyo mpya unatoka kwa jamaa. Injini hii mafundi wa Iringa wanaijua, na tuliyoipata inakuja na pampu ya ombwe nyuma ya altaneta. Busta itapumua.

Giaboksi itakuwa ya injini hiyohiyo, ya gia tano, na ya juu kabisa haina mbio za ziada. Tumeichukua pamoja na klachi yake, kwa kuwa kuoanisha injini ya mmoja na giaboksi ya mwingine kunahitaji bamba la kuunganishia lililochongwa kwa usahihi, na kosa dogo la mhimili hula beringi polepole. Propela shafti itakatwa na kusawazishwa upya. Springi za mbele zitaongezwa nguvu, kwa sababu dizeli ni nzito. Fedha ambazo zingenunua tabo zimekwenda kwenye ngoma za breki, mabomba mapya na breki ya eksosi. Na kwa kuwa kadi ya gari hubeba namba ya injini, hatutalitoa barabarani kabla kadi haijarekebishwa. Kijana wetu asije akasimamishwa akiwa na gari ambalo kwa maandishi si lile analoliendesha.

Mtoto wa kaka hakufurahi siku ile. Alisema tumenunua uzee kwa bei ya ujana. Mzee fundi hakubishana naye. Alimpa kazi: ainue busta ya zamani, avute hewa kwa pampu ya mkono, kisha akanyage pedali mara moja ombwe likiwemo na mara moja likiwa limetoka. Alikanyaga. Akakanyaga tena. Tangu siku hiyo ndiye anayenipigia simu kuuliza kama ngoma za breki zimefika.

Nawaachieni kazi hiyohiyo, wanafunzi wangu na ninyi mnaoketi katika vikao vya maboresho. Safari hii taarifa ya mfumo mpya ikiwekwa mezani, na mkionyeshwa jinsi utakavyopanda mlima, ombeni ukurasa unaoeleza utakavyoteremka. Ulizeni nani alikuwa na haki ya kusema "simama" katika mfumo wa zamani, na haki hiyo imefungwa wapi katika mpya. Kama mtaalamu hawezi kuwaonyesha kwa kidole, muombeni aahirishe safari.