Ufa wa Kishikio

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili alikuwa ameitumia methali hiyo katika insha nyingi tangu shule ya msingi, ila hakuifahamu barabara mpaka likizo aliyoshinda katika karakana ya mjomba wake, mtaani Gikomba, jijini Nairobi.

Alikwenda huko na daftari, azma yake ikiwa kukusanya istilahi za uchomeleaji wa vyuma. Kifaa ambacho mafundi walikiita holda yeye alikiandika "kishikio cha elektrodi", akaridhika.

"Jina umelipata, mpwa wangu," mjomba alimwambia. "Sasa mjue mwenye jina."

Akamwonyesha mpini uliovikwa kihami, taya zinazobana elektrodi kwa nguvu ya springi, na waya mnene uliokazwa ndani ya mpini. Waya wa pili hubanwa kwenye chuma kinachoungwa. Elektrodi ikigusa chuma hicho na kuinuliwa kidogo, tao la umeme huwaka, na mkondo wa ampea 100 au zaidi hupita. Wakati huo volti huwa kama 20 hadi 30 tu. Lakini mashine ikiwa imewashwa na tao halijawaka, volti kwenye taya hupanda hadi 50, aghalabu hata 80. Kwa hivyo, kishikio kilichotulia ndicho cha kuogopewa zaidi.

Alasiri moja ya Aprili, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kijana aliachiwa kishikio ili mjomba anyoshe chuma kilichopinda. Akakumbuka neno alilotaka kulinakili. Akakipachika kishikio kwapani, akaegemea kwa mkono wa pili lango lililokuwa likichomelewa, akatoa kalamu. Shati lake lilikuwa limelowa, na mpini ulikuwa na ufa.

Umeme ulimnasa, misuli ikakakamaa, asiweze kupiga ukemi wala kujinasua. Mjomba hakumkimbilia; alikimbilia swichi. Laiti angemshika mpwawe, huenda wangenaswa wote wawili.

Kijana alipelekwa hospitalini, akarejea jioni akiwa mzima. Alimkuta mjomba ameketi na kile kishikio mapajani.

"Ufa huu niliuona," alisema bila kumtazama. "Waya ulikuwa umelegea ndani, ukapata moto, ukaunguza kihami. Kila siku nilisema nitanunua kingine kesho. Mama yako ningemwambia nini?"

Kijana hakuwa na jibu. Mjomba akainuka, akakiponda kishikio kwa nyundo ili asije mtu akakiokota na kukitumia tena. Kesho yake alinunua kipya, chenye uwezo uliozidi mkondo wa mashine yake.

Usiku huo kijana alilifungua daftari lake. Chini ya istilahi aliyoiandika awali, aliongeza: "Hakishikwi kwa glavu iliyolowa, seuze mkono mtupu. Hakipachikwi kwapani. Hakitoswi majini ili kipoe. Hakiachwi na elektrodi mdomoni kazi ikisimama, wala hakilazwi juu ya chuma kinachoungwa. Hutundikwa mahali pasipopitisha umeme. Waya wake hukazwa, na mpini hukaguliwa kila asubuhi, mashine ikiwa imezimwa."

Kisha, pambizoni, akaiandika ile methali ya wahenga. Alisita kidogo, akakata neno "ukuta", akaandika "kaburi".