Kadeti wa Kalerwe

Alikuja Ijumaa moja, mvua imetoka kunyesha, mtaro wa Nsooba umefurika hadi barabarani na watu wanapita viatu mkononi. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya soko la Kalerwe. Hapo nasaidia vijana na CV, barua za kuomba karo, fomu za aina zote. Huyu nilimfahamu, yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea ujenzi. Akakaa, akasema, "Yaya, nataka kuwa ofisa. Nisaidie nijue njia."

Nilidhani ofisa wa benki.

"Wa jeshi," akasema.

Nikamjibu haraka: achana na hayo, maliza shule. Akanyamaza kidogo. "Ningesema nataka kuwa daktari, ungefungua kompyuta." Kweli. Nikafungua kompyuta.

Tulianza na Uganda. Katiba ya 1995, Ibara ya 208, inasema wanajeshi wa UPDF wawe raia wa Uganda wenye tabia njema. "Tabia ninayo," akasema, tukacheka. Wakiandikisha watu wanataka kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1. Barua tungeipata, mwenyekiti anatujua. Kitambulisho ndiyo hakuna, sisi tuna kile cha mkimbizi. Na uraia wa kuomba, sheria inataka uwe umeishi hapa miaka 20. Yeye alivuka Bunagana Julai 2012 akiwa na miaka minane. Piga hesabu: 2032.

"Na Rwigyema je?" Nilijua atalitaja, vijana wetu wote wanalijua hilo jina. Fred Rwigyema alikulia kambi ya wakimbizi hapa hapa Uganda. Tarehe 6 Februari 1981 alikuwa kati ya waliovamia Kabamba pamoja na Museveni, na baadaye akawa meja jenerali na naibu waziri wa ulinzi. Kabamba hiyo hiyo ndiko maofisa wa Uganda wanasomea leo. Lakini Rwigyema aliingia porini na waasi, hakujaza fomu. Waasi waliposhika nchi, watu walinung'unika kwamba jeshi limejaa Wanyarwanda, na mwaka 1989 akaondolewa kwenye cheo chake. Oktoba 1990 akavuka mpaka na bunduki kurudi kwao, akafa siku ya pili. Kijana alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kitu.

Tukaenda upande wa Kongo. Huko ni raia, mlango uko wazi, na Goma ilipoanguka Januari 2025, Rais Tshisekedi aliwaita vijana waingie jeshini kwa wingi. Chuo cha maofisa kiko Kananga, Kasai, upande mwingine kabisa wa nchi. Amri jeshini zinatolewa kwa Kilingala, na Kilingala chake ni cha nyimbo tu. Hayo angeweza kujifunza. Kubwa ni kwamba Mkataba wa 1951, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006, vinasema mtu akijirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, ukimbizi wake unakoma. Kwa hiyo akienda akashindwa, anaweza kukuta mlango wa hapa nao umefungwa.

Nikamuuliza, kwa nini lakini? Akasema mwaka ule, njiani kutoka Rutshuru, masoda walisimamisha watu wakachukua mbuzi wa baba yake, halafu wakamchukua na baba. "Kulikuwa ofisa mmoja pale, amekaa kwenye kiti. Alikuwa anaweza kusema hapana. Neno moja tu. Mi nataka kuwa yule wa kwenye kiti."

Ndipo akanionyesha simu. Binamu yake, yuko na kundi moja lenye silaha ambalo sitalitaja, amemtumia sauti: wewe umesoma, ukija tunakupa ukapteni moja kwa moja. Ilikuwa imefika siku tisa kabla. Ningemfukuza na lile "achana na hayo" langu, hiyo sauti ndiyo ingebaki kumshauri.

Nikamuelezea jinsi ninavyojua: ukapteni hupewi kwa WhatsApp. Kadeti anasomeshwa, anakula kiapo, anaanza na nyota ya chini, na kuna karatasi inayosema nani amempa na nani anaweza kumnyang'anya. Ukapteni wa binamu hauna karatasi. Basi siku ukiwa kwenye kiti ukasema hapana, nani atakutii?

Jumatatu mama yake alinishika sokoni, mikono ya kijani kwa kutwanga sombe. "Ulimuambia mutoto yangu kama kule Kananga kuko shule ya basoda?"

Nikasema ndiyo, aliuliza.

"Basi na weye njo ulimuonyesha njia."

Sikuwa na jibu. Nikanunua sombe ya elfu mbili, na nyumbani ilikuwepo.

Kijana bado anakwenda darasani. Asubuhi anakimbia kandokando ya Northern Bypass, kabla taxi hazijajaa, na mama anajifanya amelala. Jana alipita ofisini kunionyesha alichomwandikia binamu: "Hicho cheo, nani anakisaini?"

Mpaka naandika haya, binamu hajajibu.