Mafiga ya Dani

Jiko la Dani lilipigwa X nyekundu siku ya soko. Mimi nilikuwa Nairobi. Binamu yangu alinitumia picha kwa WhatsApp: ukuta wa udongo, hiyo X, na kuku amesimama mbele yake kama aliyeitwa kupigwa picha.

Barabara inapanuliwa. Na sisi wenyewe ndio tuliiomba miaka yote. Kama umewahi kusukuma bodaboda kwenye tope la huku Migori, huhitaji kuelezwa. Kwa hivyo sikwenda nyumbani kupinga. Nilienda kubeba vitu.

Nilimkuta kijana wa vipimo, rika langu tu. Nikamuuliza kama hawachimbi kwanza waone kuna nini chini. Akacheka. "Chini kuna nini, buda? Ni majivu ya shosho."

Sawa. Lakini huku kwetu ulimwengu umetujua kwa makombo. Pale Nyayanga, rasi ya Homa, Homa Bay, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana 330 za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, vitu vya miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3. Hao hawakuwa na moto. Walikula nyama mbichi, labda wakiiponda kwanza. Baadaye sana, Gogo Falls kwenye Mto Kuja, wavuvi wakaacha vigae vya vyungu vyao, vile vinavyoitwa Kansyore. Mlo wa mtu, basi.

Shida ni kwamba meko ya kale hayafanani na meko. Ni duara la udongo ulioiva hadi ukawa mwekundu, mkaa kidogo, mawe yaliyopasuka kwa joto. Mchimbaji hukata nusu moja tu, nusu nyingine anaiacha ili aone tabaka kwa ubavu. Mkaa unaenda maabara, wanapima kaboni, wanajua umri. Greda likipita mara moja, hiyo yote ni kifusi. Sheria ya mwaka 2006 inasema ukigundua kitu cha kale uripoti kwa Makumbusho ya Taifa. Poa, lakini dereva wa greda ana kilomita za kumaliza, na kutoka juu kule udongo ni udongo.

Kwenye fomu ya fidia waliandika: jiko, matope, moja.

Asubuhi nikang'oa mafiga matatu. Dani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ananitazama kama mtu aliyepoteza akili. Nikakata nusu kwa panga, taratibu. Majivu, wekundu, majivu tena, mistari myembamba kama chapati zilizopangwa. Mfupa wa ngege. Kifuniko cha soda. Halafu, pembeni mwa figa la nyuma, kijiko cha alumini kilichopinda.

"Umepata nini, nyakwara?"

Nikampa. Akakifuta kwa leso, akakigeuza, akakifuta tena.

"Nilimchapa mamako kwa hiki kijiko," akasema. "Alisema hajakipoteza. Alikuwa darasa la tatu."

Greda lilikuwa linasikika tayari, huko upande wa shule. Dani hakugeuka kuliangalia.

"Una kiredio kwa simu?" akauliza. "Mpigie."