Tamaa ya Vinanda

Hapana tamaa ijivikayo nguo nzuri kama tamaa ya kitu chema. Mlevi hujua kuwa anakunywa, na mcheza kamari hujua kuwa anacheza. Lakini mtu anunuaye vinanda, kimoja baada ya kingine, huamini kuwa anautumikia muziki, na pengine huamini kuwa anamtumikia Mungu. Kwa hiyo tamaa yake ni ngumu kukemewa na majirani, na ngumu zaidi kukemewa na nafsi yake. Nani atamlaumu mtu kwa kupenda sauti tamu? Walakini, kupenda sauti ni jambo moja, na kupenda kununua kitoacho sauti ni jambo jingine. Mambo haya mawili huweza kukaa nyumba moja miaka mingi, hata mwenye nyumba asijue lipi mgeni na lipi mwenyeji.

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania uko mji wa njia panda uitwao Makambako. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo vilevile. Mji wa njia panda hauna haja ya kutengeneza kitu ili uwe nacho. Vitu vya dunia hupita mbele ya mlango wake. Kiasi cha kilometa 60 kusini yake, juu zaidi milimani, uko mji wa Njombe, wenye misonobari, chai, mahindi na viazi, na baridi ya Juni na Julai iwezayo kuacha sakitu juu ya majani alfajiri. Njombe fedha hutoka ardhini polepole. Makambako hutoka mkononi upesi. Mtu akaaye huko na kwenda sokoni huku hana budi kuijua vizuri tofauti hiyo.

Katika miji hii miwili makao makuu ya muziki ni kanisa. Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin walifika katika nchi ya Wabena katika miaka ya 1890, na pamoja na Injili zikaja nyimbo za kuimbwa kwa sauti nne. Kwa muda mrefu kwaya ilikuwa ni watu na vifua vyao. Baadaye yalikuja matarumbeta, yakaja magitaa, na mwisho vikaja vinanda vya umeme. Leo kwaya isiyo na kinanda, gitaa la besi na vipaza sauti hujiona kama bibi harusi asiye na nguo ya harusi. Hufanya harambee, hupokea michango kwa simu, hualika wageni wa heshima, yote kwa ajili ya kile kiitwacho kwa neno moja tu: vyombo. Kwaya ya jirani ikipata vyombo vipya, usingizi huhama katika kwaya ya pili.

Palikuwa na mwalimu wa kwaya katika kijiji kimoja cha Njombe, mkulima wa viazi, mtu mpole na mwenye sikio jema. Kinanda chake cha kwanza alikinunua Makambako katika vitu vya mitumba. Kilikuwa na vibonyezo 49, na kimoja katika hivyo kilikuwa bubu. Kwa kinanda hiki alijifundisha usiku kwa usiku, akijua mahali penye ububu na kupita kando yake, kama mtu apitaye kando ya shimo katika njia aliyoizoea. Kwacho kwaya yake ilijifunza kuimba bila ya kupanda wala kushuka isipotakiwa.

Cha pili alikinunua kwa sababu kilikuwa na vibonyezo 61. Sababu hiyo ilikuwa ya haki. Cha tatu alikinunua kwa sababu kilikuwa na mamia ya sauti ndani yake: filimbi, fidla, ngoma, hata mvua na ndege. Sababu hiyo ilikuwa nusu ya haki, kwa maana katika mamia hayo alitumia sauti tatu. Cha nne alikinunua bila ya sababu. Alikuwa amepanda basi kwenda Makambako kununua mbolea, mvua za Novemba zikiwa karibu, na fedha ya mbolea ilikuwa mfukoni. Duka la vinanda lilikuwa upande mmoja wa barabara, na duka la pembejeo upande wa pili.

Mkewe alimlaki usiku, akamtua mzigo kama ilivyokuwa desturi yake. Alipoushika mkononi alijua.

"Baba, mbolea ya mwaka huu ni nyepesi," alisema.

Hakusema zaidi, naye mumewe hakuwa na jibu. Viazi vya mwaka ule vilitoka ardhini kama mayai ya njiwa, na kijana wao mkubwa, aliyekuwa aende chuo cha ufundi, alikaa nyumbani mwaka mzima. Kila jioni alipita mbele ya chumba chenye vinanda vinne akielekea zizini, wala hakutazama ndani. Jicho lile lisilotazama lilimuumiza baba yake kuliko maneno.

Yafaa kuuliza mtu kama huyu alikuwa akinunua nini. Hapana shaka hakuwa akinunua sauti, kwa maana sauti alikuwa nazo nyingi kuliko haja yake. Alikuwa akinunua mtu mwingine: mpiga kinanda yule aliyetamani kuwa, mwenye vidole vyepesi visivyokosea, ambaye alionekana kumngoja ndani ya kila sanduku jipya. Saa tamu kuliko zote ilikuwa safari ya kurudi, sanduku likiwa magotini na misonobari ikipita dirishani. Wimbo usiopigwa bado hauna kosa. Lakini sanduku lilipofunguliwa, mikono aliyokwenda nayo Makambako ndiyo aliyorudi nayo. Huzuni ya jambo hili ni fupi ikikubaliwa, na ni ndefu ikitibiwa kwa sanduku jingine.

Dunia ina mifano ya kumfariji na kumwonya mtu huyu. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa 1880 na kufa 1950, alianza kwa kuuza vyungu. Vyombo alivyokuwa navyo vilikuwa ni vya udongo, vya kupikia. Chombo chake cha muziki kilikuwa koo lake. Kwa koo hilo alifika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huko Ulaya, Niccolò Paganini, aliyekufa mwaka 1840, alikuwa na fidla nyingi za mafundi wakubwa. Hata hivyo ile aliyoiambatanisha na jina lake, akauachia mji wake wa Genoa katika wasia, ilikuwa moja, iliyotengenezwa na Guarneri mwaka 1743. Na karibu zaidi, Wahehe wa Iringa wana ala iitwayo ligombo: ubao uliochimbwa, nyuzi zilizotandwa juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti. Ubao na kibuyu humtosha mpigaji kubeba habari za watu wake. Ala huwa kubwa kwa kukaa na mtu.

Mwalimu yule hakupona kwa siku moja. Wanaosema kuwa tamaa hukatwa kama mti hawajaiona ikichipua kutoka kwenye kisiki. Alianza kwa mambo madogo. Fedha ya mbolea iliwekwa kwa mkewe, na safari ya Makambako ikawa ya watu wawili. Akajiwekea sharti kwamba moyo ukitaka kinanda kipya, ungoje tangu viazi kupandwa hata kuchimbwa. Na katika muda huo ajifunze vizuri wimbo mmoja ambao kinanda alichonacho kilikuwa kikimshinda. Mara nyingi wimbo ulipokwisha kujulikana, tamaa ilikuwa imekwisha kusahau ilichokuwa ikidai.

Kisha akavigawa. Cha nne alikiuza kwa nusu ya bei, na fedha yake ikaenda upande wa pili wa barabara, kwenye mbolea. Mwaka uliofuata kijana wake akaenda chuoni. Cha tatu kikawa mali ya kwaya. Cha pili alimpa msichana mmoja wa kijiji cha mbali, ambaye kwaya yake haikuwa na kitu. Cha kwanza, chenye kibonyezo bubu, alibaki nacho.

Mwaka mmoja baadaye kwaya hizo mbili zilikutana katika sikukuu. Msichana yule alikaa mbele ya kinanda cha pili, akakitoa sauti ambayo mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuisikia humo. Mwalimu aliinamisha kichwa. Ndani yake wivu na furaha viligombania nafasi moja, na ibada ilikaribia kwisha kabla ya furaha kushinda. Mkewe, aliyekaa upande wa wanawake, alimtazama akacheka kidogo.

Walipokuwa wakirudi walipita Makambako. Mwalimu alisimama mbele ya dirisha la duka, kama anavyosimama hata leo kila apitapo, akatazama vibonyezo vyeupe na vyeusi vikimeta chini ya kioo. Mkewe alimngoja bila ya haraka.

"Baba, basi la Njombe linaondoka," alisema.

Wakaondoka pamoja, mikono mitupu.