Usimuulize Mbebaji Kama Amechoka

Najua mmezoea nikija hapa nakuja na umbea, nani kaachana na nani, staa gani kaonekana kwenye gari la nani. Leo sina umbea. Leo nataka tuongelee mpira, na siyo ule wa Simba na Yanga, maana huo nikiugusa tu komenti zinageuka vita. Naongelea ule mpira wa Wamarekani, wa kuvaa kofia ngumu, wenye umbo la yai. Tena siyo hata wa mapro, ni wa vyuo.

Msikimbie. Braza wangu yumo ndani ya hii stori.

Nina binamu yangu anaishi Columbus, Ohio, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Anasema Jumamosi chuo cha Ohio State kikicheza nyumbani, mji unasimama. Uwanja wa chuo, nasema chuo, unaingiza watu zaidi ya laki moja. Yaani ujaze Uwanja wa Mkapa wote, watu elfu sitini, halafu bado kuna wengine elfu arobaini wanatafuta pa kukaa. Ndiye aliyenifundisha huu mchezo kwa simu, usiku, bando langu likiteketea.

Kwa kifupi ni hivi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Ukifika unapewa mengine manne, ukishindwa wenzako wanachukua mpira. Unaweza kuurusha, au unampa mtu mmoja aubebe akimbie nao. Huyo mbebaji ndiye shida yangu leo. Anaukumbatia mpira, anajitupa katikati ya majitu ya kilo 130 yanayotaka kumlaza. Analazwa, anaamka, anajipangusa, anapewa tena.

Mara ya kwanza kuona nilicheka. Nikamwambia binamu, "Huyu si kuli wa Kariakoo kabisa!"

Sikutania. Nilipomaliza form four matokeo yakaja ya kukaa nayo kimya, na braza akanichukua kazini kwake, kushusha kontena Kariakoo. Marobota ya mitumba, kilo 45 moja, kutoka kwenye gari mpaka stoo ghorofa ya nne kwa ngazi. Malipo buku kwa tripu. Kwa hiyo nikisema tripu humu ndani, mjue namaanisha mara moja ya kubeba, iwe robota au mpira. Kwangu ni kitu kimoja.

Braza alikuwa mashine. Sisi tukipanda mara moja yeye kashapanda mara mbili, na anashuka anaimba. Bosi alimpenda mpaka basi. Gari ikifika, sauti ya kwanza ilikuwa jina lake. Sisi wengine tulikaa kwenye guta tukisubiri makombo. Mimi nilikuwa nanuna, wadau, siwafichi. Nilimwambia kabisa usiku mmoja, "Braza unakula peke yako." Akanijibu, "Dogo, mimi nikiwa na moto niacheni. Siku moto ukiisha mtabeba nyie."

Moto uliisha Desemba moja, kontena mbili siku moja. Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, robota likiwa begani, mgongo ukakataa. Hakuanguka hata. Alikaa chini taratibu kama mzee anayetafuta kigoda, akaniambia "nishushie hili". Mpaka leo habebi hata ndoo ya maji. Bosi alitoa elfu hamsini na pole, na kesho yake kulikuwa na kijana mwingine mlangoni.

Sasa turudi Marekani, mtaelewa kwa nini huu mchezo umenikaa kichwani.

Swali linalowagombanisha mashabiki wa vyuo kila msimu ni hili: una wabebaji wawili watatu wazuri, unagawaje tripu? Wengine wanasema mpe yule mkali mpaka achoke, wengine wanasema nusu kwa nusu ili pasiwe na kinyongo. Mimi naona wote wamekosea, na nitawaonyesha kwa mifano.

Kulikuwa na kijana anaitwa Marcus Lattimore, chuo cha South Carolina. Mwaka 2010, ana miaka 18, mwezi wa kwanza wa msimu wake wa kwanza, alipewa mpira mara 37 kwenye mechi moja dhidi ya Georgia. Alikimbia yadi 182, wakashinda, watu wakamwimba. Msimu ukaisha na tripu 249. Mwaka 2011 goti la kushoto likaenda. Akapona, akarudi. Oktoba 2012, siku mbili kabla hajatimiza miaka 21, goti la kulia nalo likaharibika vibaya mpaka wachezaji wa timu zote mbili wakaingia uwanjani kumzunguka. Timu ya mapro ilimchukua hivyo hivyo mwaka uliofuata, lakini alistaafu 2014 bila kucheza mechi hata moja ya ligi yao.

Sisemi tripu 37 ndizo zilizovunja goti lake. Goti linaweza kuondoka kwenye tripu ya kwanza. Ninachosema ni kwamba kila tripu ni kutupa karata, na yeye walimtupisha karata nyingi mno akiwa bado mdogo.

Najua kuna mtu tayari anaandika "mbona Derrick Henry?" Sawa. Mwaka 2015 akiwa Alabama, Henry alibeba mara 395 msimu mmoja. Mwishoni alibeba mara 46 dhidi ya Auburn, Jumamosi iliyofuata mara 44 dhidi ya Florida. Tripu 90 kwa mechi mbili! Na bado alienda kwa mapro akawa mfalme, mwaka 2020 akapita yadi 2,000. Lakini Henry ni jitu la zaidi ya kilo 100 lenye mbio za paka. Kupanga timu kwa kumwangalia Henry ni sawa na kupanga bajeti ya nyumba kwa kumwangalia jirani ambaye mkeka wake ulitiki.

Mimi mfano wangu ni Georgia, msimu wa 2017. Walikuwa na Nick Chubb na Sony Michel, wote wa mwaka wa mwisho, na kila mmoja alimaliza msimu na zaidi ya yadi 1,200. Tarehe 1 Januari 2018 wakakutana na Oklahoma kwenye Rose Bowl. Kipindi cha mwisho Michel akaangusha mpira, Oklahoma wakauokota wakakimbia nao mpaka mwisho, wakaongoza. Hebu jiweke hapo, ni mechi kubwa ya maisha yako na umewaangusha wote. Zikiwa zimebaki sekunde chini ya 60, mwenzake Chubb akabeba mpira mpaka ndani, wakasawazisha 45 kwa 45. Muda wa nyongeza wa pili nani akapewa mpira? Michel. Akakimbia yadi 27 mpaka mwisho, 54 kwa 48, mechi kwisha.

Mechi nzima hiyo Michel alibeba mara 11, Chubb mara 14. Jumla 25, na kati yao walikimbia zaidi ya yadi 300. Lattimore siku ile alibeba 37 peke yake.

Kwenye stori hiyo nimepata vitu viwili. Kwanza, miguu yao ilikuwa fresh dakika ambayo wakabaji walishachoka. Huo ndio utamu wa kugawana, mnakula matunda mwishoni. Pili, mtu akikosea mara moja usimpore zamu yake. Kocha anayegawa tripu kwa hasira anafundisha wabebaji kubeba kwa hofu, na mwenye hofu ndiye anayeangusha.

Ila kugawa kwa aina ya kazi kichwa kichwa nako ni mtego. Januari 2006, USC walikuwa na Reggie Bush wa mbio na LenDale White wa nguvu. Wanaongoza dhidi ya Texas, zimebaki dakika mbili na kidogo, jaribio la nne, wanahitaji yadi 2 tu wamalize mechi. Wakampa White, mtu wa nguvu. Kwa usiku ule haikuwa akili mbaya, alishaingiza mara tatu. Lakini Bush, ambaye wiki chache kabla alitangazwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, alikuwa amesimama nje ya mstari. Wakabaji wa Texas hawakuwa na mtu mwingine wa kumhofia nyuma pale. White akazuiwa. Texas wakashuka, wakaingiza zikiwa zimebaki sekunde 19, wakabeba ubingwa 41 kwa 38. Watu wanaibishania mpaka leo. Mimi nasema wangewaweka wote wawili ndani, halafu mpe yeyote. Kugawana siyo lazima mmoja akitoka ndiyo mwingine aingie.

Halafu Ohio State ya binamu yangu, msimu wa 2024. Quinshon Judkins alitoka Ole Miss, ambako mwaka wake wa kwanza tu alibebeshwa tripu 274. Akaja sehemu ambayo tayari kulikuwa na TreVeyon Henderson. Watu wakasema watagombana. Judkins alibeba mara 194, Henderson 144, kila mmoja akapita yadi 1,000. Ukiwajumlisha wote wawili ni tripu 338, pungufu ya Henry peke yake. Fainali ilichezwa huku kwetu ikiwa usiku wa manane kuamkia Jumanne, binamu kanielekezea simu kwenye TV yake, nikaona Judkins akiingiza mara tatu. Ohio State 34, Notre Dame 23. Miezi mitatu baadaye mapro wakawachukua wote wawili, Judkins namba 36, Henderson namba 38. Kugawana hakujawapunguzia kitu.

Kwa hiyo kama ningekuwa kocha wa chuo, ningefanya hivi. Mkali wangu asizidi tripu 18 mechi ya kawaida, na akifika 20 iwe kuna moto kweli kweli. Wa pili apate 12 mpaka 15. Wa tatu anaingia tukishaongoza sana, maana huyo ndiye wa mwakani. Nawabadilisha kwa zamu nzima ya timu, siyo kila mpira mmoja, ili mtu apate nafasi ya kuwasoma wakabaji. Na juu ya yote, sitamuuliza mbebaji kama amechoka. Atasema hajachoka. Braza alisema hajachoka asubuhi ile ile.

Hapo ndipo panaponiuma. Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa kundi letu la watu sita, stoo nyingine, bosi mwingine. Tuna dogo wa miaka 19, ukimwona utadhani braza kazaliwa upya. Tripu zikifika tano namwambia kaa, apande mwingine. Ananichukia. Wiki iliyopita kaniambia mbele ya watu, "Unanibania riziki kwa sababu wewe huna nguvu." Na ana hoja! Ukilipwa kwa tripu, anayekukalisha anakuchomoa hela mfukoni. Wale wa vyuo walikuwa na hoja hiyo hiyo, kwamba bila tripu mapro hawatakuona. Sasa tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mkataba, siyo kwa kila mpira unaoubeba. Kocha wa leo hana kisingizio. Mimi bado ninacho, kwa hiyo nimependekeza hela ya kontena iingie kwenye chungu kimoja tugawane sawa. Wanne wamekubali. Dogo kagoma.

Juzi nilimwonyesha braza klipu ya Lattimore, yuko kwenye kibanda chake cha kuuza chaja na vocha. Aliangalia mpaka mwisho bila kusema. Nikamuuliza, "Braza, ile Desemba ningekuambia ukae, ungekaa?"

Akacheka. "Ningekupiga."

Halafu akaongeza, akipanga chaja zake, "Lakini ungeniambia tu."

Haya wadau, uwanja wenu. Dogo namfanyaje? Nimwache abebe kwa sababu ni haki yake, au niendelee kumkalisha aendelee kunichukia? Nisaidieni hapo chini, na wale wa matusi mpite kimya kimya. Ijumaa kuna kontena.