Kitoma cha Mbegu, Siyu

Mashua zilizotoka Lamu kwenda Pate zilikuwa zikingoja maji yajae ndipo zipite Mkanda, mlango mwembamba ulioshikwa na mikoko pande zote mbili. Siku hiyo tulingoja hadi alasiri. Nilikuwa na jambo la kumwomba shangazi, nami nikilionea haya.

Miaka mitatu nyuma alinipa konzi ya mbegu za bamia za marehemu bibi. Nilizipanda Mombasa, nyuma ya jiko, zikazaa kwa baraka, nasi tukazila zote. Sikubakisha hata tunda moja la kukauka. Mbegu nilizonunua dukani baadaye zilikuwa chotara. Zilizaa mara moja vyema, lakini nilipopanda mbegu zake, miche ilitoka kila mmoja na sura yake.

Tulishuka Mtangawanda, tukapanda pikipiki hadi Siyu, mji wa ngome ya mawe na wa waandishi waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Asubuhi shangazi alinipeleka kitaluni. Mche mmoja wa bamia ulifungwa kipande cha leso kuukuu.

“Huu hauchumwi,” akasema. “Ndio mzima kuliko yote. Wako uliuchuma?”

Nikainamisha kichwa.

Matunda huachwa mtini mpaka yageuke kahawia na kuanza kupasuka. Mbegu huanikwa jamvini, kivulini, hata ukiiuma haibonyei. Kisha huchanganywa na jivu lililopoa na kuchekechwa, kuzuia wadudu, zikatiwa kitomani na kuzibwa barabara, kwani unyevu wa pwani yetu hauna huruma. Nyanya zina kazi zaidi: mbegu na utelezi wake huwekwa kikombeni siku mbili tatu mpaka pafanye povu, kisha huoshwa, nzima huzama, pungufu huelea zikamwagwa.

Jambo nililokuwa silijui ni kwamba kitoma chenyewe kilikuwa karibu kitupu. Shangazi alizimimina mkekani, tukahesabu: 52. Akafunga 10 katika kitambaa kibichi, ajue kama zingali hai. Siku ya nne zilikuwa zimeota 7. Akazipanda papo hapo. Zilizobaki akazigawa mafungu mawili, 21 zake na 21 zangu.

“Shangazi, hizi ni nyingi mno kwangu.”

“Zangu zikifa, mwanangu, nitapanda mashua nije kuomba kwako.”

Nikazifunga katika pembe ya leso, fundo mbili, tukateremka Mtangawanda kuwahi maji.