Niliziba Ufa, Nikajenga Ukuta

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na ukuta nikajenga vilevile!

Kila Jumamosi mimi humsaidia mjomba kutengeneza majiko ya makaa katika kibanda chake cha jua kali. Siku moja niliona ufa kwenye udongo wa ndani. Nikaupaka saruji, nikanyamaza, jiko likauziwa mama mmoja mwuza mahamri. Siku ya tatu akarudi nalo limepasuka vipande.

"Kijana, leo sikuuza hata hamri moja," akaniambia.

Mjomba alimrudishia pesa zake, tena kutoka zile alizokuwa ameniwekea za karo.

Nilingoja kiboko. Badala yake akaniuliza, "Ufa ulianzia wapi?" Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Kumbe tulikuwa tukianika udongo juani, ukikauka upesi mno kabla ya kuchomwa! Sasa twauanika kivulini.

Mwalimu wetu wa Biashara alitueleza kwamba mwaka wa 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafunza Wajapani jambo lilo hilo: ubora hauletwi na kukagua mali mwishoni, huanzia katika kazi yenyewe. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida alipewa kamba ya kuvuta aonapo kasoro ili kazi isimame.

Sisi hatuna kamba. Mjomba alisema tu, "Ukiona ufa, piga kelele."

Wenzangu, karo bado naitafuta, lakini kelele napiga. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na changu kilitembea hadi kikanirudia.